Kona Nilizozipiga Pasi

Herman na Jesca, wadogo zangu wa ofisini,

Nikisema nimestaafu watu wanacheka. Mama mwenye nyumba wangu alicheka mpaka akashika mlango. "Skola, una miaka thelathini na moja, umestaafu nini, kuruka kamba?" Lakini mimi naona nimestaafu. Nimefanya kazi moja kwa miaka tisa, nimerudisha funguo, nimebeba kikombe changu na lile blanketi la kujifunika miguu mwezi wa sita, na wiki ijayo nahamia Chala kwenye mashine yangu ya kukamua alizeti, ambayo nimeiota tangu nikiwa kidato cha pili. Mashine ya alizeti haihitaji majaribio. Inakamua au haikamui.

Naandika kwa sababu ya swali la Jesca la juzi. Uliniuliza, "Dada Skola, hili jaribio la kwanza kabisa, linaloitwa kona, ni la nini? Linauliza jambo ambalo halitokei. Tulifute?" Nikakwambia nitakujibu, halafu nikajifanya naenda kununua vocha. Samahani. Jibu lake ni refu, lina kosa langu ndani, na sikutaka kulisema huku nimesimama mlangoni.

Mambo ya mshahara nayaruka, mnayajua. Cheo nilichowahi kupata ni kiti cha karibu na dirisha.

Nilianzia kwenye stesheneri jirani na soko, hapa Sumbawanga mjini, nikichapa barua za maombi ya kazi za watu wengine. Nina kidato cha nne, na cheti chenyewe si cha kuonyesha wageni, ila vidole vyangu vina mbio. Siku moja akaingia Kaka Ambwene, mtu wa Mbeya aliyekuja huku kwa kazi ya serikali, akaiacha ili aandike programu zake mwenyewe. Alileta karatasi nane. Nikamchapia huku nabishana na mteja mwingine kuhusu fotokopi iliyofifia.

"Wewe binti, mbona huangalii unachochapa?"

"Nimeshaangalia, kaka."

Wiki iliyofuata nilikuwa ofisini kwake. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Wafugaji wa Kisukuma walikuwa wanakosea mlango, wanatusalimu "Mwangaluka," wanatazama kompyuta zetu mbili kwa heshima, kisha wanauliza dawa ya kupe. Nilijua bei ya dawa ya kupe kabla sijajua kazi yangu.

Kazi ilikuwa programu ya zahanati za vijijini. Inatunza kadi za watoto wa kliniki, na siku ya chanjo au ya kupima uzito ikikaribia, inamtumia mama ujumbe kwenye simu. Wazo lilimjia Kaka Ambwene baada ya mtoto wa dada yake kukosa chanjo msimu wa kulima, kwa sababu tu watu walipoteza hesabu ya siku.

Asubuhi ya kwanza alinifungulia dirisha jeusi. Halina picha wala pa kubofya, kuna kimstari tu kinachowaka na kuzima, kama mtu aliyekukazia macho anasubiri useme. Ukikosea herufi moja linakuambia halikuelewi, na halikuombi radhi.

"Jaribio," Kaka Ambwene alisema, "ni swali dogo unaloiuliza programu wakati jibu unalijua tayari. Mtoto amezaliwa leo, anarudi lini? Wewe unajua. Sasa iulize yenyewe. Na unauliza kipande kimoja kimoja, kama fundi anavyopima mkono wa shati kabla hajaushona begani."

Alikuwa ametengeneza amri mbili na kuzipa majina ya Kiswahili, kwa ajili yangu, ingawa alidai ni kwa ajili yake. Ya kwanza ni jenga: inachukua programu na maswali tuliyoandika, inaviunga viwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Ya pili ni jaribu: inauliza maswali yote. Swali likijibiwa sawa inaweka nukta moja. Likijibiwa vibaya inaandika KOSA kwa rangi nyekundu, na jina la jaribio, na mstari lilipokwama.

Herman, wewe hunicheki tena nikikwambia hili, maana nawe limeshakupata. Wiki yangu ya pili nilipata KOSA moja. Nikarekebisha, nikaandika jaribu. KOSA. Nikarekebisha tena. KOSA lile lile, mstari ule ule. Siku mbili! Nilikuwa nimeanza kufikiria kurudi stesheneri.

Kaka Ambwene akaja na kikombe chake cha chai. "Umejenga?"

"Kujenga nini?"

"Skola. Tangu jana?"

"Tangu juzi, kaka."

Nilikuwa naiuliza programu ya juzi maswali ya leo. Alicheka mpaka chai ikamwagika juu ya kiti, na doa lile lipo mpaka sasa, ndilo mnalolifunika kwa mto. Kwa hiyo ukibadilisha chochote, jenga kwanza.

Maswali yangu ya mwanzo niliyaandika kwa majina ya ndugu zangu, maana ndiyo yaliyonijia haraka. Nilimfanya Mjomba Filbert mtoto wa miezi tisa mwenye kilo themanini na mbili, nione programu itasemaje. Ilimpokea vizuri tu, ikampongeza mama yake kwa makuzi mazuri. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Nilielewa kwamba programu haina akili ya kushangaa, mpaka mtu aishangae kwa niaba yake, swali kwa swali.

Zahanati ya kwanza kutukubali ilikuwa ya kijiji kimoja njia ya Kaengesa. Muuguzi wake aliitwa Mama Oresta, mama mfupi mwenye sweta la kijani alilolivaa juu ya gauni jeupe mwaka mzima. Aliongea Kifipa na akina mama, Kiswahili na mimi, na wakaguzi aliwanyamazia. Alinipa boksi la kadi kwa mikono miwili.

"Zirudi zote, mwanangu. Na mpangilio wake uwe huu huu."

"Zitarudi nzuri kuliko zilivyokwenda, mama," nikamjibu.

Mungu anisamehe kwa jibu lile.

Hizi hazikuwa kadi wanazokaa nazo akina mama. Zilikuwa za zahanati yenyewe: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, jina la mama, kilo za kila mwezi, na juu kabisa, kona ya kulia, namba ya simu. Baadhi zilikuwa zimekunjwa kona ile, mkunjo umeifunika namba yote. Nikadhani ni uchakavu. Namba nilikuwa naihitaji, nikazikunjua. Zikakataa kulala, zikawa zinainuka kama masikio ya mbuzi. Sasa mimi nimelelewa kwa pasi. Kwetu hata kitambaa cha kufutia meza kilipigwa pasi. Nikaazima pasi ya mkaa ya jirani, nikatandika kanga juu ya meza, nikazinyoosha zote, moja baada ya nyingine. Nilikuwa naimba.

Nikachapa boksi zima. Nikajenga, nikajaribu. Tulikuwa na maswali arobaini na moja wakati ule, zikatoka nukta arobaini na moja, hakuna nyekundu hata moja. Kaka Ambwene akanunua soda. Ijumaa tukatuma ujumbe wa kwanza kwa kadi tano tu za juu ya boksi, tuone inavyokwenda. Maneno niliyatunga mimi, na nilijivunia kuyaweka yawe ya upendo.

Jumatatu nikaenda zahanati kurudisha boksi, nikiwa na gauni la Jumapili, nikaone akina mama wakija kwa sababu ya vidole vyangu. Wakaja wawili, watoto mgongoni. Nilitamani kuwakumbatia. Wa tatu alikuja peke yake. Alikuwa amevaa kitenge kipya, viatu amevibeba mkononi kwa ajili ya matope, akavivaa alipofika mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Editha. Umekuja?" Mama Oresta alishangaa.

"Nimeitwa."

Akampa simu yake. Mama Oresta akasoma. Sikuhitaji kuchungulia, niliujua ujumbe kwa kichwa: Mama, mlete Editha kliniki Jumatatu. Tunamsubiri kwa furaha.

"Nilijua ni makosa," yule mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi dukani. "Shemeji yangu alisema ni mambo ya mitandao, usiende. Lakini imeandikwa mnamsubiri. Nikasema nije tu niulize. Mmemwona wapi?"

Mama Oresta alimshika mkono, akamwingiza chumba cha ndani. Nilisikia Kifipa chao cha chinichini. Mama Oresta alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye boksi, akachomoa kadi ya Editha, akaigeuza mbele na nyuma.

"Kona yake iko wapi?"

"Kona gani, mama?"

"Hii. Niliikunja kwa mkono wangu."

"Nilizikunjua, mama. Nilizipiga pasi."

Hakunigombeza, na mpaka leo natamani angenigombeza.

"Mtoto akituacha," alisema baadaye, "mkono wangu haukubali kuliandika lile neno. Mama yake atarudi hapa na mdogo wake, atasimama mezani hapa wakati natafuta kadi, ataliona. Basi nakunja kona. Inafunika namba, maana hakuna wa kumwita tena. Kadi siitupi. Inakaa na za wenzake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Hapa nani hajui?"

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Ujumbe wa boksi zima ulikuwa umepangwa kutoka Alhamisi asubuhi, kwa ajili ya chanjo ya Ijumaa. Ndani ya boksi lile walikuwamo akina Mama Editha wengine, sikujua wangapi, na mimi ndiye niliyefuta alama yao. Nilimpigia Kaka Ambwene nikiwa nimekaa kwenye ngazi za zahanati.

"Sitisha, kaka, sitisha."

"Nimesitisha wakati unalia. Ukimaliza kulia nisikilize."

"Lakini majaribio yote yalipita!"

"Yalipita. Programu ilijibu kila tulichouliza. Hili hatukuliuliza, Skola." Nikamsikia anabofya vitufe. "Nikizima kabisa, walio hai nao hawataitwa Ijumaa, na waliosahau siku watakosa chanjo. Nipe orodha kabla ya Alhamisi."

Nikamwuliza Mama Oresta, tuwapigie simu akina mama?

"Useme nini? Habari za asubuhi mama, mwanao yupo?"

Nikairudisha simu kwenye mkoba.

Ndipo tulipohamishia meza dirishani. Karatasi iliyokunjwa inabaki na mstari hata ukiipiga pasi. Ukiiinamisha kwenye mwanga unauona, na usipouona unausikia kwa ukucha. Tulipitia boksi zima hivyo, kadi kwa kadi, Jumatatu ile na Jumanne yote, mimi nikipapasa na yeye akikumbuka. Kila tulipoupata mstari, Mama Oresta alitaja jina la mtoto taratibu, akaikunja kona upya, akairudisha mahali pake. Zilifika kumi na nane. Nilijifunza kazi siku zile mbili kuliko miaka yote iliyofuata, na kompyuta ilikuwa imezimwa.

Ya kumi na tisa ilitushinda. Mtoto aliitwa Deo, anaishi na bibi yake upande wa pili wa bonde. Mstari ulikuwepo, lakini hafifu, na kadi ilikuwa ya mwisho kwenye boksi, pale kifuniko kinapobana. Mama Oresta alifumba macho, akafikiri, akatikisa kichwa. Hakukumbuka.

"Tukimkunja naye yupo?" nikauliza.

"Hataitwa tena. Chanjo zake zimebaki mbili."

Jumatano asubuhi tukaenda kwa miguu. Huwezi kuingia kwa mtu ukauliza jambo kama hilo, kwa hiyo Mama Oresta alisema tumekuja kutafuta mbegu ya maharage. Bibi alikuwa anapukuchua mahindi. Tukasalimiana, tukaulizana ya mvua, ya mbolea, ya nani kaoa. Mimi nilikuwa natazama ndala zilizokuwa mlangoni. Kulikuwa na jozi moja ndogo, lakini ndala ndogo zinaweza kuwa za mtoto yeyote, na zinaweza kubaki mlangoni kwa sababu hakuna aliyethubutu kuziondoa.

Ghafla nyuma ya nyumba akatoka mtoto anakimbiza kifaranga, hana suruali, amekamata hindi la kuchoma.

"Deo! Salimia wageni, wewe!"

Nikaangua kilio. Bibi akaacha kupukuchua.

"Huyu binti ana nini?"

"Anapenda maharage," akasema Mama Oresta.

Tulirudi na kilo mbili ambazo hatukuwa na mpango nazo.

Mchana ule Kaka Ambwene alitufuata zahanati na kompyuta, akataka tuongeze mahali pa kuweka alama ya mtoto aliyefariki, na paitwe hivyo hivyo. Mama Oresta akakataa. Alisema yeye ndiye atakayebonyeza, na akina mama watakuwa wamesimama pale pale wakiangalia kioo kama walivyoangalia kadi. Ndiyo maana, Jesca, kwenye programu yetu hamlikuti lile neno popote. Kuna kona tu. Muuguzi anaigusa, kadi kwenye kioo inajikunja, namba ya simu inafichika.

Kaka Ambwene alinikatalia kugusa programu kabla sijaandika swali lake. Nikaandika mawili. La kwanza: mtoto ambaye kona yake imekunjwa, je, mama yake anatumiwa ujumbe? La pili: asiyekunjwa, je, anatumiwa? Hilo la pili ndilo mnaloliona linaitwa deo, na niliwahi kumsikia Herman akisema labda ni kifupi cha kitu. Ni mtoto. Tulihitaji yote mawili, kwa sababu programu isiyomwita mtu yeyote ingelijibu la kwanza vizuri sana.

Nikajenga. Nikajaribu. La kona likatoka KOSA, jekundu.

"Sawasawa," alisema Kaka Ambwene. "Swali ambalo hujawahi kuliona likikosewa, huwezi kujua kama linauliza kitu."

Lakini kwenye lile swali nilikuwa nimeacha nafasi ya jina tupu. Jina la Mjomba Filbert sikuweza kuliweka. Nikamwomba Mama Oresta anipeleke kwa Mama Editha.

Tulimkuta anapepeta ulezi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha, yakatoka mawili, na mengine yakawa makamasi.

"Usinilie hapa," alisema. "Ukianza wewe na mimi nitaanza, na huu ulezi utaingia mchanga." Akanipa kigoda. Baadaye akauliza, "Hiyo mashine yenu bado ina jina lake?"

"Lipo, mama. Ila haliitwi tena. Ukitaka nilitoe nitalitoa leo."

"Lisitoke." Aliendelea kupepeta. "Mimi naitwa Mama Editha mpaka leo. Litoke liende wapi?"

Ndipo nikamweleza, kadiri nilivyoweza, kwamba tunaandika maswali, na kwamba kila siku kabla ya kutuma chochote tunaiuliza programu, na kwamba nataka swali la kwanza liwe na jina la mwanawe, ili mama mwingine asiitwe kama alivyoitwa yeye.

"La kwanza kabisa?"

"La kwanza kabisa."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi, mama. Na umeme ukiwepo."

Hapo akacheka kidogo. "Basi liandike vizuri. Siyo Edita. Lina ile h."

Nikaliandika na h. Alhamisi asubuhi Kaka Ambwene alimaliza kurekebisha programu, nikajenga, nikajaribu, zikatoka nukta arobaini na tatu. Nikazihesabu kwa kidole kwenye kioo. Ujumbe ukatoka. Ijumaa nilisimama mlangoni pa zahanati tangu inafunguliwa, nikitazama mgongo wa kila mwanamke aliyepanda njia ile. Nguo za Jumapili sikuvaa. Walikuja wengi, na hakuna aliyekuja bila mtoto. Bibi wa Deo alikuja wa mwisho, amemshika mkono, safari hii amevaa suruali, na akaniletea maharage mengine.

Baada ya hapo kulikuwa na zahanati nyingi, za Nkasi mpaka Kirando ziwani, ambako kadi zilinuka dagaa na kompyuta yetu nayo ikanuka dagaa mwezi mzima. Kila nilipofika mahali papya niliuliza jambo moja kabla ya kugusa kadi: hapa mnaonyeshaje? Kila muuguzi alinielewa bila maelezo. Mmoja alikuwa anapindua kadi kichwa chini. Mwingine alikuwa anafunga uzi mweupe. Kwenye programu yetu zote ni kona.

Mwaka wa nne nilikuwa kwa Mama Oresta kubadilisha betri ya kompyuta ya zahanati. Akaingia Mama Editha na mtoto wa kiume mgongoni, mzito, ana mashavu. Alinionyesha simu yake kwa mbali, ujumbe umefunguliwa.

"Huyu mmemwona kweli," akasema.

Kwa hiyo Jesca, ulisema kweli, lile jaribio linauliza jambo ambalo halitokei. Limekaa pale miaka tisa ili lisitokee. Mkitaka kubadilisha programu nzima badilisheni, ni yenu sasa. Hilo moja liacheni juu, na ile h msiiondoe.

Jana, kabla sijakabidhi funguo, nilibaki ofisini peke yangu dakika chache. Jua lilikuwa bado kali dirishani, na nyuma ya ukuta mtu alikuwa anaulizia dawa ya kupe. Nikaandika jenga. Nikangoja. Nikaandika jaribu. Nukta ya kwanza ilipotokea nikasema Editha, kwa sauti, kama Mama Oresta alivyokuwa anasema. Zilizofuata nikaziacha zije zenyewe.